Mlango wa Mkulo

Wanawake waliokuja kumwosha mama walipofungua kile kipakiti cha kafuri, wenzangu walianza kulia upya. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeinama, nimeshika bakuli la maji, na pua yangu ilikuwa imeshanitoka, imekwenda upenuni miaka mingi nyuma, mahali baba alipokuwa akipiga randa ubao mpya. Ninyi mliokulia milima ya Usambara mnaujua mti wa mkulo. Ukipasuliwa unanuka kafuri. Nyumba iliyotiwa mlango wa mkulo hunuka kama nyumba yenye maiti, na harufu hiyo haina haraka ya kuondoka. Mlango wetu ulikuwa pale pale, nyuma ya pazia walilotundika wanawake, umezeeka, umepasuka chini, haunuki tena. Nikauangalia badala ya kumwangalia mama.

Kabla ya mlango huo tulikuwa na mlango wa mabanzi, unafungwa kwa kamba ya mgomba. Kamba ilikuwa ya mbuzi zaidi kuliko ya watu. Nani angeiba nini? Ilikuwa enzi ya Ujamaa, duka la kijiji lilikuwa na rafu nyingi na chumvi kidogo, na kila nyumba ya kilima chetu ilikuwa na jembe, chungu na jamvi kama nyumba ya jirani. Umaskini ndio ulikuwa kufuli yetu, na ilikuwa kufuli nzuri, maana haikuhitaji ufunguo.

Lakini mwaka ule chini ya kitanda cha dada yangu Zuhura kulikuwa na sanduku la bati. Zuhura alikuwa ameposwa na mtu wa Vuga, mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe na heshima zake. Alipoulizwa kama anakubali, Zuhura aliinama akanyamaza, na kwetu msichana akinyamaza watu wanapiga vigelegele. Tangu hapo mama akawa anajaza sanduku. Ninyi wa rika langu mtakumbuka jozi moja ya khanga ilivyokuwa inatafutwa siku zile, watu wanalala kwenye foleni kama wanangoja meli. Mama alizipata, sijui kwa miguu mingapi: khanga, shuka, vikombe vya maua, sufuria ambazo hazijawahi kuona moto. Juu ya vyote, ndani ya kitambaa, kulikuwa na bangili nzito ya fedha iliyokuwa ya bibi, mama yake baba. Mimi niliruhusiwa kuitazama, kuigusa hapana.

Wizi ulifanyika mchana kweupe. Kipande cha reli kilichotundikwa penye ofisi ya kijiji kiligongwa asubuhi, na watu wote tukateremka kwenye shamba la Ujamaa kupalilia mahindi. Hakuna aliyebaki, labda wagonjwa na vikongwe. Jua lilipopanda, mama alimtuma Zuhura nyumbani akapike uji wa wapaliliaji. Alikawia kidogo, akarudi na debe kichwani, uji ungali unafuka, akatugawia kwa kata mmoja baada ya mwingine. Nakumbuka aliniongezea. Nakumbuka pia kwamba mikono yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye viwiko, na mimi nikaona ni la shambani, ijapokuwa yeye hakuwa ameshika jembe tangu asubuhi.

Jioni mama na mimi tulitangulia kurudi. Tulizunguka nyuma ya nyumba ili tuchukue kuni, tukaliona tundu. Ukuta wa chumba cha Zuhura ulikuwa umebomolewa chini, tundu la kupita mtu anayetambaa, na sanduku halikuwapo. Mama hakupiga kelele. Alisimama akiangalia chini, na mimi nikaangalia alipokuwa anaangalia yeye. Udongo wa ukuta ulikuwa umelala nje, juu ya majani, lundo zima. Ndani sakafu ilikuwa safi.

"Mama," nikasema, "mwizi alikuwa ndani?"

Alinigeukia kwa uso ambao sikuwahi kuuona. "Umeona nini wewe?"

"Udongo uko nje. Ametokea ndani."

"Nyamaza. Hilo usimwambie mtu. Hata baba yako usimwambie. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Akachukua karai, akazoa udongo ule kwa mikono, akaingia nao ndani na kuumwaga chini ya tundu, karai baada ya karai, kisha akafagia majani hadi yakasimama. Alipomaliza ndipo akajitwika mikono kichwani akalia, "Jamani, tumeibiwa!" Mama alijulikana kilima kizima kwa usafi. Nikadhani hakutaka majirani waje kuona uwanja wake mchafu, hata siku ya wizi.

Lakini lile nililoambiwa nisimwambie mtu lilinikaa. Kama mwizi alitokea ndani, basi alikuwa anaishi ndani. Kwenye dari letu mahindi yalirundikwa juu ya moshi wa jiko, giza tupu, na mara nyingi nilikuwa nimesikia kitu kikitembea huko nikaambiwa ni panya. Sasa nilijua.

Baba, au Tate kama tulivyomwita kwa Kishambaa, alikuwa fundi wa kuta. Alikuwa analima kabichi na karoti kama wengine, ila mtu akijenga nyumba ya fito na udongo kilima chetu, Tate ndiye aliyeitwa kukandika. Alikuja mbio na majirani nyuma yake, akapiga magoti mbele ya tundu. Alizishika ncha za fito zilizovunjika, moja moja, kama mtu anayetafuta jino bovu. Majirani walikuwa wanasema yote yanayosemwa: za mwizi ni arobaini, lazima ni watu wa kutoka mabondeni, lazima ni wale wapasua mbao. Tate akavua koti, akaomba maji na jembe, akaanza kukandika palepale. Watu walijitolea kumsaidia, akawakatalia. "Ukuta wangu nitauziba mwenyewe," alisema. Jua lilipozama tundu lilikuwa limekwisha, limebaki doa la unyevu tu, na hakuna aliyeweza tena kuona fito zilikuwa zimevunjikia upande gani.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Shechambo, aliitisha mkutano uwanjani kwetu. Alikuwa mzee mwenye sauti nyembamba na mkwaju mrefu, na alipenda methali kuliko chakula. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akituzungushia macho. Watu wakaitikia, kila mmoja akimwangalia mwenzake nguoni. Kisha Tate akasimama. Aliongea akiangalia miguu yake.

"Ndugu zangu, sina wa kumshika. Aliyechukua ni binadamu, labda alikuwa na shida yake. Nampa nafasi hadi Ijumaa ijayo. Akileta, akiweka tu nyuma ya nyumba, sitauliza, sitatafuta. Asipoleta, namwita Mwalimu Hemedi asome Halbadiri."

Siku hizi mtu akitaja Halbadiri vijana wanacheka, lakini kwetu lilikuwa neno la kutajwa kwa sauti ya chini. Ikisomwa haichagui, haina rufaa, na haimwachi mwizi hata akivuka bahari. Tulikuwa na mifano: fulani alivimba tumbo, fulani alipotewa na akili akawa anakula majani. Niliguswa na furaha ya kutisha. Sasa yule wa darini angekoma.

Siku zilizofuata Tate alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba kila asubuhi kabla ya mtu mwingine kuamka. Nilimwona akirudi mikono mitupu. Mama naye alikuwa haishi kumzungukazunguka.

"Baba Zuhura," alimwambia siku moja tukiwa tunachambua maharage, "vitu ni vitu tu. Tumwachie Mungu."

"Watu wameshasikia."

"Watu watasahau."

"Watu wa Vuga hawatasahau. Watasema tumeficha mali ili tuvunje uchumba." Akamwangalia kidogo. "Kwani wewe unamwonea huruma mwizi?"

"Mimi? Hapana," mama akasema. "Mwizi nimwonee huruma ya nini?"

Kesho yake aliniita jikoni. Zuhura alikuwa anakuna nazi tuliyoletewa kutoka Magoma, amekaa kwenye mbuzi, ameinama. Mama alifunga mlango wa jiko, jambo ambalo halikuwa likifanyika, moshi ukatujia machoni.

"Zuhura, zile khanga, zile shuka, vikombe na sufuria, vyote nilivyoweka mle sandukuni mimi, nilikupa. Nilikupa tangu siku niliyovileta. Ni vyako, si vyangu wala si vya baba yako. Popote vilipo, ni vyako. Sikudai duniani wala mbele ya Mungu." Akanigeukia. "Na wewe ni shahidi. Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Niliona ni maneno ya kumliwaza bibi harusi, japo yalikuwa maneno ya ajabu: kumpa mtu vitu ambavyo vimekwisha kuibwa.

Zuhura aliacha kukuna. Machozi yalimdondoka ndani ya nazi. "Na bangili, mama?"

Mama alisukuma kuni motoni. "Bangili si yangu," alisema. "Bangili ni ya mama yake baba yako. Siwezi kutoa kisicho changu." Kisha, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu na kuomba: "Mwanangu, kama mtu angeirudisha hiyo tu."

"Imeshafika mbali, mama," Zuhura akasema.

Hivyo ndivyo walivyozungumza mbele yangu, na mimi nikatoka kwenda kucheza.

Ijumaa ikafika na ukungu wake. Mwalimu Hemedi alikuja na wanafunzi wake wa chuo cha Kurani na chetezo. Wanaume walikaa chumba cha mbele, wanawake jikoni, mama na Zuhura katikati ya majirani wenye macho makali. Tulisikia Yasini ikisomwa, tukaijua, hata mimi niliijua. Kisha Mwalimu akasema kwa sauti kwamba Halbadiri yenyewe ni nzito, ataisoma kimoyomoyo, na wote wanyamaze. Kimya kile ndicho ninachokikumbuka kuliko kisomo. Ubani ulikuwa unapenya chini ya mlango, mbuzi wa jirani analia, na sisi wanawake tumekaa tumeshikilia vikombe bila kunywa. Nikatazama juu darini nione kama kuna mtu atakayeanguka. Mwishowe sauti za wanaume zikapanda, dua ikaanza, na kila kituo kikawa na Amina yake. Majirani wakaitikia. Zuhura akaitikia, sauti yake ikawa juu kuliko zote. Mama alikuwa wa mwisho. Midomo yake ilitikisika kwanza bila sauti, jirani mmoja akamgeukia kumtazama, ndipo neno likatoka. "Amina," mama alisema.

Baada ya hapo Tate akajenga nyumba kama boma. Alipanga mawe kuzunguka msingi. Alitia vyuma kwenye dirisha. Alipanda ua wa miiba, akafunga waya kuuzunguka na kutundika makopo matupu, upepo ukivuma nyumba nzima inapiga kelele kama gari la harusi. Mwisho akaleta ubao wa mkulo, akauchonga mlango mwenyewe, na komeo lake la mkulo, zito kiasi kwamba nililibeba kwa mikono miwili. Nilipewa kazi ya kulishusha kila jioni baada ya Magharibi. Niliona fahari. Ila harufu ilinisumbua, na niliona pia kosa ambalo watu wazima wote hawakuliona: komeo lilikuwa la kumzuia mtu wa nje, na mwizi wetu alikuwa ndani. Tulikuwa tumejifungia naye.

Kabla harufu ya mkulo haijaisha, Zuhura alikwenda sokoni Lushoto kuuza matunda damu, yale mekundu kama plamu, na hakurudi. Alipita kwenye mlango ule asubuhi, kikapu kichwani, akanipa tunda moja lililoiva akaniambia nisile kokwa. Jioni alikuja mtu kusema ameonekana kwenye lori la mbao linaloteremka Mombo, amekaa mbele na kijana Daudi wa kiwanda cha mbao, Mkristo, mtoto wa Waluteri wa ng'ambo ya bonde. Watu wa Vuga wakaja, wakaongea na Tate nje, wakaondoka bila kunywa chai. Tangu siku hiyo jina la Zuhura halikutajwa. Tate, ambaye maisha yake yote alimwita mama "Mama Zuhura," akaanza kumwita "mwenzangu." Majirani waliendelea na jina la zamani kwa mazoea, na kila walipomwita mama namna hiyo niliona Tate akigeuza shingo, kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni.

Ni wakati huo nilipopata uhakika wa jambo langu. Jioni nilishusha komeo. Asubuhi nilipoamka kuchota maji, nililikuta limeegemezwa ukutani, na mlango umerudishiwa tu. Kila asubuhi. Nyumba ilikuwa na watu watatu, wawili kati yao, Tate na mama, ndio waliolitaka komeo lile liwepo, na wa tatu nilikuwa mimi niliyelishusha, kwa hiyo hakubaki wa kulitoa isipokuwa yule wa darini. Anatoka usiku kwenda kuiba kwa watu, anarudi alfajiri. Sikumwambia mtu, nilikuwa nimekatazwa. Nilikuwa nikilala nimejifunika blanketi gubigubi, na nilikonda, hadi mama akanipa dawa ya minyoo.

Hali hiyo iliendelea masika, kiangazi na vuli. Ikaja masika nyingine. Siku moja Tate alikuwa ameteremka bondeni kukata mboga, mama na mimi tumekaa upenuni, ukungu umejaa uwanjani hata ua hauonekani. Makopo yakalia. Akatokea mwanamume mwembamba mwenye kitu kichwani. Alikitua mbele ya mama. Lilikuwa sanduku la bati, lile lile, limebonyea pembe moja.

Niliruka. Nilipiga makofi. "Mama! Mama, limerudi! Halbadiri imemkamata!"

Mama hakunikaripia. Alinyoosha mkono taratibu akaniziba mdomo, na mkono wenyewe ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hata hakunitazama. Alikuwa anamtazama yule mtu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Daudi."

"Ndiyo, mama." Akapiga magoti kwenye tope. "Tulikuwa Bulwa, kwenye chai. Alikuwa anachuma, alikuwa mzima kabisa. Uzazi, mama. Yeye na mtoto. Walimwahisha, lakini..." Akashindwa.

"Amezikwaje?" mama akauliza.

"Waislamu wa pale walimzika. Nilihakikisha, mama. Nilisimama nje ya makaburi mpaka mwisho."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa njia. Akafungua sanduku. Khanga mbili zilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Akatoa kitambaa, akatoa bangili, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Kisha akafunga sanduku. "Lirudishe kichwani," alimwambia. "Lipeleke kokote, usiliache hapa. Teremka bondeni, mume wangu yuko kwenye kabichi. Mwambie mtoto wetu amekufa. Habari za sanduku usimwambie. Hujawahi kuliona." Akanigeukia. "Na wewe hujaliona."

Tate alipanda jioni ile bila mboga. Walikaa chumba cha mbele, mama upande huu, Tate upande ule, na majirani wakaja. Nililia kwa sababu kila mtu alikuwa analia, na baadaye nikalia kwa sababu nilielewa kwamba Zuhura hatarudi. Lakini sikuunganisha. Mtoto hupanga mambo yake kwenye makapu tofauti. Kifo cha dada kilikuwa kapu moja, na mwizi alikuwa kapu lingine, na kwenye kapu la mwizi nilikuwa na habari njema: kuanzia kesho yake, nilipoamka asubuhi, nililikuta komeo mahali pake. Na siku iliyofuata vilevile. Nikajua mwizi amehama. Nikaanza kulala kichwa nje ya blanketi, nikanenepa, na mama akasema dawa ya minyoo imefanya kazi.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa ni mkono gani uliokuwa unalitoa lile komeo na ulikuwa unamngoja nani. Halikunijia kwa kishindo. Nilikuwa nafunga mlango wa nyumba yangu mjini, binti yangu mkubwa akiwa hajarudi, nikaona mkono wangu umeganda juu ya kitasa. Nikakaa chini palepale.

Mama mwenyewe aliniambia yaliyobaki mwezi aliougua. Alinifungulia pindo, akanipa bangili. "Usimwonyeshe baba yako," alisema. "Yeye hakujua kwamba mtoto ndiye aliyechukua. Aliita Halbadiri kwa mwizi, hakujua anamwita mwanawe. Akijua leo atakufa vibaya." Alipumzika. "Lakini mimi nilijua. Nilijua, na nikasema Amina. Vile vingine nilimpa, ila bangili ilikuwa haki ya watu. Ndiyo iliyomuua. Mimi na bangili." Nilimwambia wanawake wengi hufa kwa uzazi, hata wale ambao hawakusomewa chochote. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayekueleza kuhusu panya wa darini. Alikufa akiwa na hofu hiyo, na mimi nikampaka kafuri.

Siku ya pili baada ya mazishi wageni walianza kupungua. Magharibi ikaingia. Tate alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, mzee sana sasa, macho yameingia ukungu. Niliinuka nishushe komeo kama zamani.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kaa."

Nikakaa.

"Unajua kwa nini nilitia mlango huu? Watu walidhani namzuia mwizi asiingie. Mimi nilikuwa namzuia dada yako asitoke." Aliongea polepole, akipapasa magoti. "Mimi ni fundi wa kuta. Fito zilikuwa zimevunjikia nje. Nilijua tangu nilipopiga magoti. Nikaziba upesi, mama yako asije akaona."

Nikamsogelea.

"Nikatangaza Halbadiri ili aogope, alete vitu, mambo yaishe. Hakuleta. Na watu walikuwa wameshasikia. Nikaenda kwa Mwalimu Hemedi, Mungu amrehemu, nikamwambia ukweli. Akaniambia, tutasoma Yasini, kisha tutanyamaza. Ndiyo tuliyosoma. Halbadiri haikusomwa. Katika kile kimya Mwalimu alimwombea dada yako dua ya msafiri."

Nje upepo ulikuwa unavuma, lakini makopo yalikuwa yameanguka zamani.

"Bangili sijui iliishia wapi," aliendelea. "Haidhuru. Mama yangu aliiacha kwa mjukuu wake wa kwanza. Ilikuwa ya Zuhura tangu siku aliyozaliwa. Angeibaje kitu chake?"

"Kwa nini hukumwambia mama?" nikamwuliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe alituvunjia ukuta? Alikuwa anaamka kila usiku kulitoa komeo, anamngoja. Nilikuwa namsikia, najifanya nimelala. Basi nikasema, yeye angalau abaki na mtoto msafi moyoni." Akanielekezea yale macho yake yasiyoona vizuri. Kisha akatamka jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nilipokuwa mdogo. "Mama Zuhura hakujua lolote. Sivyo?"

Bangili ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga yangu. Nilikuwa nausikia uzito wake kwenye paja.

"Hakujua, Tate," nikasema.

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Lingemuua."

Nikaikamata bangili ndani ya pindo ili isigonge ubao, nikainuka, nikalishusha komeo mahali pake.